Foronya ya Rara Sarama

Ukimtaka Generoza siku ya Jumamosi, usihangaike kupiga simu. Hapokei. Nenda mwenyewe mtaa wa Beechmont, huku Marekani, kwenye nyumba yenye kibaraza kilichoinama upande mmoja, gonga mlango, utamkuta kwenye kochi la dirishani, miguu kaikunja, miwani imeshuka puani, anafuma. Mumewe, Sylveri, alishazoea. Akiona njaa, anajipakulia. Akitaka mazungumzo, anazungumza na runinga.

"Mke wangu ana bwana mwingine," huwaambia watu kanisani. "Mwembamba, ana tundu kichwani, na anachoma."

Watu hucheka, na Generoza naye hucheka, maana ni kweli tupu. Jumatatu mpaka Ijumaa yuko South End, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, anakunja. Mashuka meupe pe, marundo kwa marundo, hayana hata ua moja. Yanamuudhi. Shuka gani hilo, halina ndege, halina jina, halina neno la kumwambia mtu anayelilalia? Basi Jumamosi analipiza kisasi. Kochi limevaa kitambaa, meza imevaa, runinga imevaa, hata mashine ya kupashia chakula imevaa, na Sylveri husema akikaa sana bila kutikisika, naye atavishwa.

Na raha yake, asiyefuma hawezi kuijua. Unakikaza kitambaa kwenye duara la mbao mpaka ukikigonga kwa ukucha kinalia. Unachagua uzi, unaulamba ncha, unaupenyeza. Sindano inazama, inaibuka, inazama, na yale yote yaliyokuwa yanapiga kelele kichwani, bosi, bili, magoti, yanakaa chini kimya. Generoza alijifunza kwa mama yake akiwa mtoto, kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na kwa dada yake Angelika, ambaye alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote wawili.

Huyo Angelika ndiye habari yenyewe.

Angelika anaishi Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, jina ambalo Generoza hulitamka kama mtu anayepiga chafya. Mwaka ule alishikwa na uvimbe tumboni. Akakatwa, akachomwa dawa, nywele zikamtoka, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Halafu siku moja ya mwezi wa kumi na moja, binti yake Charlotte akapiga simu.

"Mama mdogo, Mama amerudi nyumbani."

"Wamemruhusu?"

"Ndiyo. Na wameleta kitanda cha hospitali, wamekiweka sebuleni. Nesi anakuja hapa hapa."

Generoza aliruka kutoka kwenye kochi, duara la mbao likabingirika mpaka jikoni. Alipiga vigelegele. Sylveri akatoka bafuni na povu la sabuni shingoni, akidhani nyumba inaungua.

"Wamemruhusu!" Generoza alisema. "Na kitanda wamempa!"

Msimcheke. Kule alikokulia, mgonjwa aliyeshindikana hubaki hospitali, na anayerudishwa nyumbani ni aliyepona. Hospitali ya kambi ilikuwa haiwezi kumpa mtu hata blanketi aende nalo. Leo Marekani wanakurudisha nyumbani, na kitanda chao wanakupa! Kama hiyo si heshima ya aliyepona, ni nini? Alimshukuru Mungu kwa sauti. Charlotte, upande wa pili, hakusema kitu. Ni msichana aliyekulia huku, Kiswahili chake kinakwama, na mambo mengine hata mwenye Kiswahili chote angekwama.

Kisha Angelika mwenyewe akachukua simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini yake.

"Gene. Bado unafuma?"

"Nitaacha vipi?"

"Nifumie foronya. Kama ile ya mama."

"Yenye maneno?"

"Yenye maneno yake yale yale. Usinisahihishie."

Wakacheka wote wawili, Angelika mpaka akakohoa. Ile foronya ilikuwa na kisa. Mama yao hakuona darasa, na kama ilivyo kwa Warundi wengi wa umri wake, yeye na herufi L hawakuwahi kuelewana. Alinunua kitambaa cheupe, akamwita Angelika, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kujua kuandika, akampa penseli. "Niandikie hapo," akasema, "rara sarama." Mtoto akaandika alichosikia. Mama akafuma juu yake kwa uzi mwekundu, herufi nono, nzuri, na maua ya njano huku na huku: RARA SARAMA. Majirani walipoona walishika mbavu. Mwalimu alipita makusudi kuja kuisoma. Wakamwambia, mama, fumua, ni lala salama hiyo. Mama akakataa katakata.

"Uzi ukishaingia, umeingia," alisema. "Anayecheka akalale chini."

Hakuifumua mpaka mwisho. Na Angelika akafanya maneno yale kuwa mchezo wake. Kazi ya kuamka alfajiri kwenda kupanga foleni ya maji bombani ilikuwa yao wote wawili, kila mmoja na ndoo yake. Generoza, mdogo, alikuwa anapenda usingizi. Angelika alikuwa anamfunika na kumwambia, "Rara sarama, nitakuamsha." Hakuwahi kumwamsha hata siku moja. Generoza alikuwa akifumbua macho, jua liko juu, na ndoo zote mbili zimejaa mlangoni.

Basi aliianza foronya ile jioni ile ile. Wiki hiyo alifuma kila siku baada ya kazi, na mikono haikuchoka. Uzi mwekundu, herufi nono, maua ya njano. Aliposhona ile R ya kwanza alicheka peke yake. Kila siku alimpigia dada yake, na Angelika alikuwa akiuliza umefika wapi, naye anajibu, nimefika kwenye S, nimefika kwenye M, mpaka Sylveri akasema hawa wanawake wanasafiri kwa alfabeti. Yeye na Sylveri walikuwa wamepata likizo kuanzia Jumatano ya wiki iliyokuwa inafuata, waende wote Buffalo kwa gari. Lakini Generoza hakutaka foronya ingoje likizo. Nestori, wa kanisani kwao, anaendesha lori kubwa, na Jumapili ile alikuwa anaondoka kwenda huko. Kampuni yake haimruhusu kupakia mtu, ila foronya nani ataiona? Angelala njiani, mjini Columbus, kwa dada yake Mukabutera, halafu Jumatatu aendelee. Baada ya misa Generoza alimkabidhi kifurushi, akamwagiza asikiweke karibu na mafuta, akamwagiza tena, Nestori akapanda lori lake ili asiagizwe mara ya tatu.

Mchana huo huo Clémence alipita kumsalimu. Clémence ni Mkongo wa Kivu, rafiki wa kweli, kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani kwao. Generoza alimpa chai, akamwonyesha picha ya foronya kwenye simu, akamsomea maneno, akamhadithia mama, penseli, mwalimu. Clémence alicheka pale pa kucheka. Kisha akauliza polepole:

"Donc, mugonjwa yuko ku nyumba sasa?"

"Wamemrudisha! Na kitanda wamempa, Clémence, kile cha kupanda na kushuka."

Clémence aliweka kikombe chini.

"Na munganga wa hospitali anakuyaka pale pale ku nyumba? Wanamupa dawa ya maumivu tu?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Bon. Hapana, naulizaka tu." Alikitazama kikombe. "Na ile foronya ya mama yenu, iko wapi leo?"

Generoza alifungua mdomo amjibu, na hapo ndipo alipolisikia jibu lenyewe. Alikuwa analijua siku zote. Wiki nzima alikuwa akilifuma kwa mkono wake, huku akicheka.

"Tulimzika nayo," alisema. "Angelika ndiye aliyemwekea chini ya kichwa."

Clémence alimshika mkono. Baadaye ndiyo akamweleza, taratibu, kile kitanda huletwa kwa nani na huletwa lini: kwa mgonjwa ambaye madaktari wameshindwa, ili afie kwake. Alisema pia kwamba kwao maneno hayo, lala salama, "tunasemaka ku mufu", yaani huambiwa aliyekufa, na kwamba yeye si mtu wa kuamini mambo hayo, lakini kumwandikia mgonjwa, hapana. Alisema kwa huruma, machozi yanamtoka. Hakuna aliyekosea pale. Lakini Generoza alimchukia kwa muda, kama mtu anavyomchukia aliyewasha taa.

Hofu ikamwingia sasa, hofu ya kijinga na ya kweli. Kwamba yeye, kwa mkono wake, kwa furaha yake, amemwandikia dada yake kifo na kukipandisha lori. Nestori hapokei simu akiendesha. Alipiga, akapiga, akapiga. Alitembea jikoni, akarudi sebuleni. Sylveri alimwambia, "Mke wangu, ni kitambaa tu," akatazamwa kwa jicho ambalo lilimrudisha kwenye runinga yake bila kubisha.

Jioni alimpata Mukabutera, Columbus.

"Nestori kafika?"

"Kafika, anakula. Kuna nini?"

"Kifungue kifurushi changu. Chukua mkasi mdogo. Fumua maneno, acha maua."

"Wee!" alisema Mukabutera. Alisikika akikikunjua. "Kazi nzuri hivi? Dada, kama ni ile R, watu wataelewa, sisi wenyewe tunasema hivyo hivyo."

"Si R. Nakuomba. Fumua."

"Unalia?"

"Fumua, Mukabutera."

Akafumua. Alimtumia picha: maua ya njano huku na huku, na katikati peupe. Generoza akashusha pumzi. Maskini. Alidhani amelitoa lile jambo kwa kulitoa neno lake. Usiku ule hata alilala.

Jumatatu foronya ilifika Cheektowaga. Charlotte aliandika ujumbe kwamba wameivisha kwenye mto, ni nzuri, asante mama mdogo. Angelika hakupiga. Jumanne theluji ikaanza, ile inayoletwa na upepo wa ziwa kubwa la huko. Wakazi wa Buffalo wanaijua ile, haianguki, inamwagwa. Jumatano barabara zikafungwa, magari yakazuiwa, hata nesi hakuweza kufika, akawa anamwelekeza Charlotte kwa simu namna ya kumpa mama yake matone ya dawa. Na Beechmont jua lilikuwa linawaka! Baridi, lakini jua, mbingu safi, watoto wanaendesha baiskeli. Mkoba wa Generoza ulikuwa umefungwa, uko mlangoni, na juu yake koti.

"Twende tu," alimwambia mumewe. "Tufike Columbus, tungojee pale."

"Na kutoka Columbus? Nitaruka?" Sylveri hakuwa mtu wa kupaza sauti, na siku ile alipaza. "Wanasema watu wamekwama kwenye magari yao, Generoza! Unataka tukafe njiani kabla yake?"

Alisikia alichosema na akakaa kitako. Generoza naye akakaa. Kwa maisha yake yote alikuwa amekimbia vitu vikubwa, kwa miguu, na kitu mgongoni. Leo ana gari lenye mafuta na mume mwenye likizo, na hana la kufanya.

Alhamisi mchana Charlotte alipiga simu ya video.

"Mama anakutaka," alisema, akageuza simu.

Angelika alikuwa mdogo kwenye kile kitanda. Shingo ilikuwa imekwisha. Macho tu ndiyo yalikuwa ya zamani, yale ya kumchungulia mtu aliyeiba sukari. Kichwa chake kilikuwa juu ya ile foronya, ua la njano kila upande wa shavu.

"Gene."

"Dada. Theluji imetuzuia. Ikipungua tu tunakuja. Mkoba uko mlangoni, nikuonyeshe?"

"Uache mkoba." Angelika aliinua mkono, taratibu, akaupitisha kwenye kitambaa, katikati, pale peupe. Kidole kilikuwa kinatembea kama cha mtoto anayejifunza kusoma. "Hapa palikuwa na uzi. Kuna matundu."

Generoza aliinamia simu.

"Hii ni R," Angelika alisema. "Hii A. Hii R tena." Alipumzika. "Uliifuma kwa R."

"Kwa R."

"Halafu ukafumua."

"Niliogopa, dada. Rafiki yangu aliniambia maneno mabaya. Niliogopa."

"Mama aliwakatalia watu wote wa Mtabila." Alitaka kucheka, kifua kikamkatalia. "Wewe umeambiwa na mmoja tu."

"Nisamehe. Nitafuma nyingine. Naanza leo. Uzi ninao, kitambaa ninacho, nitakuja nayo mwenyewe."

"Gene. Sina muda wa nyingine."

Ndivyo alivyosema, bila kupaka sukari, na Charlotte alisikika akilia nyuma ya simu. Generoza alishika duara lake la mbao kwa mikono miwili, tupu, halina kitambaa. Alitaka kusema utapona. Neno lile lilikuwa limekaa mdomoni mwezi mzima, lilikuwa limeshazoea kutoka lenyewe, na sasa halikutoka.

"Niambie basi," Angelika alisema. "Kama huwezi kuandika, niambie. Mimi nilimwambia mama. Mimi nani ataniambia?"

Hakuna lililokuwa gumu kama lile. Kusema ni kukubali, na yeye hakukubali, hajakubali. Lakini dada yake alikuwa anangoja, macho yamemkazia, na theluji ilikuwa imeziba dirisha la nyuma yake lote, jeupe kama yale mashuka ya mahoteli.

"Rara sarama," Generoza alisema.

Angelika alifumba macho. Alikuwa anatabasamu.

"Na?"

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Na?"

"Nitakuamsha."

"Mwongo," Angelika alisema, polepole, kwa mapenzi yote. "Mimi sikuwahi kukuamsha."

"Najua. Nilikuwa naona ndoo."

"Ulikuwa unakoroma." Akageuza shavu kwenye lile ua la njano. "Niamshe jioni. Nikale uji."

Charlotte akakata simu ili mama yake apumzike. Generoza alibaki dirishani. Alikata kitambaa kipya, cheupe, akakikaza, akaandika kwa penseli herufi nne, kisha sita zilizofuata, bila kusahihisha. Akapenyeza uzi mwekundu. Sylveri alimletea chai na hakusema utani wowote. Sindano ilizama, ikaibuka, ikazama, lakini safari hii kichwa hakikutulia hata kidogo, na mara mbili alijichoma. Alipofika mwisho wa RARA jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa barabara.

Alikuwa ameahidi. Akapiga.

Simu ililia kwa muda, kisha Charlotte akapokea. Hakukuwa na picha, sauti tu, na nyuma yake mlio wa koleo la mtu anayechota theluji mahali fulani nje.

"Charlotte, mwanangu. Ni jioni. Alisema nimwamshe, ale uji."

"Nimemwamsha, mama mdogo," Charlotte alisema. Kiswahili kile cha kukwama kwake kilitafuta neno lingine, hakikulipata. "Nimemwamsha. Nimemwamsha, nimemwamsha."

Sylveri akasimama, akazima runinga.